Mshahara wa likizo ya uzazi: pengo lina kipimo, lipimwe mapema

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako kwa jambo linalowagusa akina mama wengi wa Lubumbashi wanaofanya kazi kwa mkataba, pamoja na waume zao. Mmoja wetu kazi yake ni kutengeneza fishi za mishahara, yaani karatasi za malipo ya kila mwezi. Mwingine ni mkunga. Kila mmoja kwa upande wake anaona nyumba zilezile zikiyumba: mama anajifungua salama, mtoto mzima, lakini kufikia wiki ya sita deni la dukani limejaa daftari, makala (mkaa) inanunuliwa kwa vifungu, na mtoto ameanza kupewa maziwa ya kopo kwa sababu mama hali vya kutosha. Wengi husema mshahara umekatwa sana. Umekatwa kweli, lakini kiasi kinajulikana miezi kabla. Kinachoangusha nyumba ni kwamba hakuna aliyekaa na kalamu kukipima.

Tuanze na sheria. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 130, inampa mwanamke likizo ya wiki 14 mfululizo: wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki zisizozidi 8 baada yake. Katika muda huo analipwa theluthi mbili za ujira wake, mtoto awe hai au asiwe hai, na mwajiri haruhusiwi kuvunja mkataba. Basi anachopoteza ni theluthi moja ya wiki 14. Gawanya 14 kwa 3: unapata wiki 4 na theluthi mbili. Yaani pengo lote la likizo ya uzazi ni mshahara wa mwezi mmoja na siku mbili tatu hivi. Mwezi mmoja ni mzigo unaobebeka ukitawanywa. Ukiachwa uanguke wote wakati mmoja, ndipo unapovunja mgongo.

Tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Mama ana ujira wa dola 480 kwa mwezi, na mkunga amemwambia mtoto atazaliwa karibu tarehe 20 Novemba. Rudi nyuma siku 42: likizo inaanza tarehe 9 Oktoba. Enda mbele siku 56 kutoka siku ya kuzaa: inaisha tarehe 15 Januari. Kumbuka kwamba fishi zitakazoguswa ni nne, si tatu: Oktoba na Januari zitakuwa za mchanganyiko, Novemba na Desemba zitakuwa theluthi mbili kamili, dola 320. Pengo lote ni kama dola 517. Mimba ikiwa imethibitishwa mwanzoni mwa Mei, kuna mishahara mitano kamili kabla ya likizo: Mei, Juni, Julai, Agosti na Septemba.

Hapa hesabu inafurahisha. Akitenga sehemu moja ya nane ya mshahara kila mwezi, yaani dola 60, kwa miezi mitano anakuwa na dola 300. Akiziongeza kidogo kidogo juu ya zile 320 wakati wa likizo, nyumba inaishi kwa dola 410 na kitu kwa mwezi. Na katika miezi ile mitano ya kutenga, nyumba ilikuwa ikiishi kwa dola 420. Karibu sawa. Watoto hawataona tofauti kwenye sahani. Hiyo ndiyo sehemu ya chini kabisa. Anayejua kwamba gharama za kujifungua nazo zitatoka mfukoni mwake, atenge sehemu moja ya tano, dola 96, apate 480. Anayeanza Agosti badala ya Mei, dola zilezile 300 zitamtaka atoe 150 kwa mwezi, na Septemba ni mwezi wa shule. Wengi hushindwa hapo, hata wale wenye nidhamu.

Sasa fishi yenyewe. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuhesabu theluthi mbili juu ya mshahara wa msingi peke yake. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kazi kinaeleza ujira ni nini: ndani yake mna mshahara, primu (nyongeza ya mshahara), komisheni, posho ya ugumu wa maisha, malipo ya saa za ziada. Havimo: posho ya usafiri, nyumba au posho ya nyumba, matibabu, na posho za familia. Ikiwa zile 480 za mama wetu ni msingi wa 400 na primu ya 80, theluthi mbili sahihi ni 320. Aliyehesabu juu ya msingi tu ataandika 267. Tofauti ni dola 53 kwa mwezi, na kwa likizo nzima zinapita 170. Si kila mara ni hila. Mara nyingi ni karani aliyechukua mstari wa kwanza wa fishi bila kusoma mistari ya chini. Kwa hiyo weka kando fishi tatu za mwisho kabla ya likizo, na fishi ya kwanza ya likizo ikitoka, hesabu mwenyewe siku hiyohiyo. Ikiwa kuna tofauti, andika barua fupi ya kuomba marekebisho, utunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukikosa jibu, nenda kwa Mkaguzi wa Kazi. Kupatanishwa naye ndiyo hatua ya lazima kabla ya Mahakama ya Kazi, kwa hiyo usiruke.

Posho ya usafiri usiihesabu katika mapato ya likizo. Lakini pia usiililie: nauli nayo haitoki. Vitu vinavyotolewa kwa mkataba bila kuwa fedha, kama mfuko wa unga au nyumba ya kampuni, sheria inasema viendelee. Hilo liandikwe kabisa katika barua ya kuomba likizo, kwa maana katika kampuni nyingine jina la aliye likizoni huondolewa kwenye orodha ya unga bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa akina mama wachapakazi. Wanasema: nitafanya kazi mpaka siku ya uchungu, ili wiki zangu zote 14 nikae na mtoto. Soma tena kifungu: baada ya kuzaa ni wiki zisizozidi 8. Zile 6 za mbele usipozichukua, hakuna kinachokuhakikishia kwamba zitahamia nyuma. Inategemea mapatano na mwajiri, na mapatano hayo yawe kwa maandishi kabla ya mwezi wa nane wa mimba. Njia iliyo salama zaidi ya kuongeza siku za kukaa na mtoto ni likizo ya mwaka. Sheria inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumika, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Aliyeitunza likizo yake ya mwaka mzima ana siku 12 za kazi, wiki mbili, tena za mshahara kamili. Iunganishwe mwishoni mwa likizo ya uzazi: mama wetu wa mfano atarudi kazini mwisho wa Januari badala ya katikati, na siku hizo katika fishi ya Januari zitalipwa kamili.

Matibabu ni sehemu ambayo fedha nyingi hupotea bure. Mwajiri anawajibika kwa huduma za afya za mfanyakazi na familia yake, mimba na kujifungua zikiwemo, hata mkataba unaposimama. Linaloharibika ni utaratibu: mama anakwenda kujifungua mahali pasipo na mapatano na kampuni, analipa mwenyewe, kisha anarudi na karatasi isiyo na muhuri. Katika mwezi wa saba uliza idara ya wafanyakazi majina ya hospitali zinazokubaliwa, na barua ya kuingilia inatolewa na nani siku za Jumapili na usiku. Uchungu hauchagui saa za ofisi. Uliza pia hospitalini, kwa maandishi, bei mbili: ya kuzaa kwa kawaida na ya kupasuliwa. Hata ukiwa na barua ya kampuni, weka akiba ndogo ya fedha mkononi kuanzia wiki ya 36, kwa maana wapo watoto wasiongoja tarehe, na dawa ikikosekana ndani mtu anatumwa kununua nje.

CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, ile iliyokuwa INSS zamani, ina tawi la mafao ya familia chini ya sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na humo mna posho za kabla ya kuzaa, za uzazi na za familia. Mchango wa tawi hilo, 6.5% ya mshahara, analipa mwajiri. Kwako wewe hukatwa 5% tu, kwa ajili ya pensheni. Kwa hiyo usione haya kuuliza. Nenda na namba yako ya uandikishaji, cheti cha mimba na karatasi za kupimwa kliniki, upewe orodha ya hati zinazotakiwa. Tunashauri jambo moja: fedha hizo zisiingizwe katika bajeti ya likizo. Zikija, ziwe za mwezi wa kurudi kazini. Bajeti ijengwe juu ya kilichomo mfukoni.

Na cheti cha kuzaliwa. Kumwandikisha mtoto katika ofisi ya hali ya raia ya komine ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, utahitaji hukumu ya mahakama, na hapo kuna gharama na safari zisizokwisha. Mama wa mfano akirudi kazini tarehe 15 Januari, mtoto ana siku 56. Zinabaki siku 34, na zote ni za kazi. Kwa hiyo baba aende katika wiki ya pili au ya tatu, na karatasi ya hospitali na kitambulisho mkononi, bila kungoja mama apate nguvu. Bila cheti hicho, mtoto hawezi kuingia katika faili ya baba wala ya mama kwa posho za familia na matibabu.

Akiba iwekwe wapi? Iwekwe kwa sarafu utakayolipia. Kodi ya nyumba na hospitali hapa mjini mara nyingi hudaiwa kwa dola, sokoni ni faranga. Anayeweka zote kwa faranga na kubadilisha siku ya mwisho anajiweka mikononi mwa bei ya siku hiyo. Dola zikaguliwe moja moja wakati wa kuzipokea: noti iliyochanika kidogo pembeni hukataliwa au hukatwa thamani, na siku ya kutoka hospitali si siku ya kubishana na mbadilisha fedha. Kwenye simu ni salama kuliko chini ya godoro, ila hesabu makato ya kutoa: kutoa mara moja kiasi cha wiki mbili kuna nafuu kuliko kutoa kila siku kidogo kidogo.

Likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ni rafiki mzuri akipangwa, na ni adui asipopangwa. Tatizo ni zamu. Mama anayepokea zamu yake mapema, tuseme Julai, anafurahi, anaitumia, kisha anaingia likizoni akiwa na deni la kuchangia kila mwezi kwa mshahara wa theluthi mbili. Katika kundi la watu 10 wa kuchanga dola 40, hiyo ni 40 kati ya 320. Afadhali kuomba zamu ya Novemba au Desemba tangu kundi linapoanza, au kuingia kundi fupi linalomalizika Septemba. Wenzake wakijua sababu, huwa wanakubali. Ombi la ghafla mwezi wa nane wa mimba ndilo linaloleta maneno. Kuhusu banki lambert, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, tutasema machache: dola 100 kwa riba ya 30% kwa mwezi, ukilipa riba tu kwa miezi mitatu, umetoa 90 na zile 100 bado zipo palepale. Heri kuuza kitu. Heri kuomba avansi (sehemu ya mshahara mapema) kazini kabla ya likizo na kukubaliana kwamba itakatwa kuanzia Machi, mshahara ukiwa umesharudi kamili.

Tuje jikoni, maana huko ndiko theluthi moja hupatikana au hupotea. Nyumba ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, hula karibu kilo 2 za unga wa bukari (ugali) kwa siku. Mfuko wa kilo 25 unakwenda siku 12, na kwa mwezi inahitajika mifuko miwili na nusu. Oktoba mpaka Januari ni wakati mbaya kununua: mavuno ya Aprili hadi Juni yameshapungua sokoni, na sehemu kubwa ya mahindi yetu hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo wakizuia huko, huku bei inaruka ndani ya wiki. Wakazi wa Lubumbashi hawajasahau mwaka 2023, bei ya unga iliporuka. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kununua. Lakini nunua mahindi, usinunue unga. Unga hukaa vizuri mwezi mmoja hivi, wa pili unaanza kunuka na kupata wadudu, hasa mvua zikianza. Mahindi makavu hukaa miezi mingi. Yang'ate: punje ikilia kwa meno na kuvunjika ni kavu, ikibonyea, ina maji, itaota ukungu, na mahindi ya ukungu yana sumu isiyoondoka kwa kupika. Magunia yasimame juu ya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na yasagwe kidogo kidogo kila wiki mbili. Anayelazimika kununua kwa meka (chombo cha kupimia) apime mara moja kwenye mizani ili ajue meka ya muuzaji wake ni kilo ngapi hasa. Ujazo wa chombo na ukarimu wa mkono hutofautiana kutoka meza moja hadi nyingine.

Makala nayo inunuliwe kabla ya mvua, gunia zima, lifunikwe. Makala yenye maji unalipa uzito wake, kisha unapoteza tena nyingine kuikausha juu ya mbabula (jiko la makala). Maharagi yalowekwe usiku mzima, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa sufuria iliyofunikwa, nyanya ziingie yakishaiva. Anayetia nyanya mwanzoni anaongeza muda wa kupika, na muda ni makala. Kilo moja ya maharagi makavu hutoa karibu kilo mbili na nusu zilizoiva: pika za siku mbili pamoja, hasa siku ambazo umeme haupo na huwezi kutegemea jiko lingine.

Sahani ya mama isiguswe. Tunalisema kwa uzito wote, kwa sababu ndiyo inayokatwa kwanza, na mara nyingi anaikata mwenyewe bila kumwambia mtu. Mama anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kwa siku kuliko kawaida yake. Hiyo si nyama ya kila siku: ni bakuli la maharagi, sombe (kisamvu) iliyotiwa karanga, kiganja cha samaki wadogo wakavu, uji wa asubuhi na wa saa kumi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na maziwa ya kopo. Hesabu: mtoto wa miezi miwili anayelishwa kopo pekee hutumia karibu gramu 100 za unga wa maziwa kwa siku. Kopo la gramu 400 linakwisha siku nne. Ni makopo 7 au 8 kwa mwezi, bila kuhesabu maji ya kuchemsha na makala yake. Fedha zikipungua, familia huanza kuyazimua, kijiko kimoja mahali pa viwili. Mtoto anashiba maji, anakonda, kisha anaharisha. Maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, yanatosha miezi sita. Maziwa yakionekana kupungua, dawa ya kwanza ni kumweka mtoto titini mara nyingi zaidi, usiku ukiwemo, na mama kunywa na kula. Kopo linaloingia wiki ya pili kwa sababu ya wasiwasi linapunguza maziwa yenyewe, kwa maana titi hutengeneza kulingana na linavyonyonywa.

Pampers, na hata zile za alama nyingine tunaziita hivyohivyo, zinakula fedha kimyakimya. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku; mwezi wa kwanza ni vipande 250 mpaka 300. Vitambaa vya pamba 24 vinatosha wakati wa kiangazi. Mtoto wa Novemba ahitaji 30 au 36, kwa maana mvua ikishika kitambaa kinachukua siku mbili kukauka. Bikwembe (vitenge) vya zamani vilivyolainika ndivyo bora. Vipya havinyonyi maji mpaka vifuliwe mara kadhaa. Vikikaushwa nje lazima vipigwe pasi pande zote, hata mishono: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Pasi ya makala ipitishwe ikiwa moto sawasawa. Asiye na pasi akaushe ndani, penye hewa. Vile vya kununuliwa vitunzwe kwa usiku na kwa siku ya kliniki, vipande viwili kwa siku, na mwezi mzima unatumia 60.

Wageni. Hili ni gumu kulisema, lakini linahesabika kama mengine. Bibi akija kumsaidia mama, ni baraka, na mkono wake ni thamani kuliko mfanyakazi wa kulipwa. Anaongeza karibu nusu mfuko wa unga kwa mwezi, pamoja na nauli yake ya kuja na kurudi. Iandikwe katika bajeti tangu Agosti, asijisikie mzigo wala watu wasianze kunong'ona akiwa palepale. Mashangazi, mashemeji na marafiki wa kanisani hupenda kuleta nguo za mtoto za ukubwa mmoja, ambazo baada ya wiki sita hazimtoshi tena. Baba anaweza kuwaambia mapema, kwa heshima, kwamba sabuni ya kufulia, mafuta, sukari au meka ya maharagi vitafurahisha nyumba zaidi. Mtu akiulizwa hivyo hukasirika mara chache; wengi walikuwa wanatafuta la kuleta. Sherehe ya mtoto, ya ubatizo au nyingine, ipelekwe baada ya mshahara kamili wa kwanza. Mtoto hatajua tofauti.

Kodi ya nyumba usiiache ikae kimya. Mwenye nyumba aliyeambiwa Septemba kwamba Desemba italipwa kwa nusu mbili ni mtu tofauti na yule anayegonga mlango tarehe 5 bila kujua lolote. Wengine huomba miezi ikatwe kwenye garantia (fedha ya dhamana aliyopewa mwenye nyumba). Inawezekana, ila iandikwe na kusainiwa, mkijua kwamba mtatakiwa kuijaza tena, au mkihama mtakuta hakuna kitu. Kwa shule ya sekondari, uliza Septemba kama malipo yanaweza kugawanywa, na lipa sehemu ya pili kabla ya Novemba ikiwa fedha ipo.

Kwa mama anayeuza katika masoko ya mji wetu, kama Kenya, Njanja au Katuba, hakuna fishi wala theluthi mbili. Kwake hesabu ni moja: mtaji utengwe na chakula. Akiacha meza na dola 150 za bidhaa, fedha hizo zikiingia katika mfuko wa hospitali, likizo yake haitakuwa ya wiki nane, itakuwa ya mwaka, kwa sababu hatakuwa na cha kuanzia. Apunguze bidhaa zinazooza kuanzia mwezi wa nane, abaki na chumvi, sabuni, viberiti, vitu vya kungoja. Meza aiachie ndugu kwa mgao waliokubaliana mbele ya mtu wa tatu, mathalani theluthi ya faida, na daftari lihesabiwe kila Jumamosi. Mtaji uliobaki utunzwe na mtu ambaye si rahisi kuombwa.

Mwezi mgumu kuliko yote, kwa mwenye mkataba, ni ule wa kurudi. Nauli ya basi au ya manseba (pikipiki ya abiria) imerudi, mlezi wa mtoto anataka fedha yake, chakula cha kazini kimerudi, lakini fishi bado ina siku za theluthi mbili ndani yake. Katika zile dola 300 za akiba, tunashauri 60 zisiguswe mpaka hapo. Kifungu cha 132 kinampa anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama kazi. Aliye karibu na nyumba ayatumie kumnyonyesha mtoto. Aliye mbali ayatumie kukamua maziwa katika chombo kilichochemshwa chenye kifuniko: penye ubaridi usiozidi nyuzi 25 hukaa saa 4, kwa hiyo katika joto la Oktoba yahitaji mfuko wenye barafu, Juni shida ni ndogo zaidi. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kikombe ni rahisi kukisafisha mpaka chini. Aanze kukamua na kumzoesha mtoto kikombe wiki mbili kabla ya kurudi, mlezi akiwepo, kwa kuwa mtoto anayekutana na kikombe siku ya kwanza ya kazi hukataa, na jioni hiyohiyo mtu anatumwa kununua kopo.

Wako katika kazi,

Mtengeneza mishahara na mkunga,
Komine ya Kampemba, Lubumbashi